Mama Anayejibu: Hadithi ya Nunda na Hisia Nzito za Mtoto Mdogo

1. Suala lenyewe

Katika madarasa ya shule za msingi, na hata katika mihadhara ya fasihi simulizi chuo kikuu, hadithi ikiisha kusimuliwa hufuatwa na swali moja: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Wanafunzi hujibu kwa sentensi fupi: utii ni mwema, choyo ni kibaya, mkono mmoja haulei mwana. Swali hilo limezoeleka kiasi kwamba hadithi isiyotoa jibu la namna hiyo huhesabiwa kuwa na kasoro. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa mtoto mdogo aliyejaa woga, hasira au huzuni, funzo la mwisho ndilo sehemu yenye kazi ndogo kuliko zote. Kinachomfaa kimo katikati ya hadithi: katika namna hisia inavyopewa umbo, inavyopewa alama za kuitambua, na inavyopata mtu wa kuipokea.

Jambo hili si la vitabu peke yake. Kiswahili ni lugha ya kila siku ya watoto wengi wa Katanga, Kivu, Maniema na Ituri, na wengi kati yao wamebeba mambo mazito kuliko umri wao. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na wakaaji wa Goma wakakimbia usiku. Mwezi wa Januari 2025 mji huohuo ulitekwa na kundi la M23, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mbali na vita na moto wa mlima, kuna mambo yasiyoandikwa katika magazeti: kufiwa na mzazi, kuzaliwa kwa mdogo wake mtoto, kuachishwa ziwa, kupelekwa kulelewa mji mwingine. Mtoto wa miaka 4 au 5 huyapata yote hayo moyoni kabla ya kuwa na maneno ya kuyasema. Mtu mzima aliye karibu naye ana nini cha kumpa? Mara nyingi hana mganga wala dawa, ana hadithi.

Hadithi mbili zitachunguzwa hapa: ile ya Sultani Majnuni, ambayo wengi huijua kwa jina la Nunda mla watu, na ile ya Sultani Darai, yenye habari ya paa. Zote mbili zilisimuliwa Unguja, zikaandikwa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake uitwao Swahili Tales. Mwaka 1901 Andrew Lang alizitia zote mbili, kwa Kiingereza, katika mojawapo ya vitabu vyake vya hadithi kwa watoto. Zimechaguliwa kwa sababu ni miongoni mwa nathari za Kiswahili zilizotangulia kuchapwa, na kwa sababu mnyama anayemeza watu si mgeni hata katika bara: anatokea katika ngano za lugha nyingi za Kibantu, zikiwemo za Kongo.

2. Sultani asiyetaka kusikia

Sultani Majnuni ana wana saba, na ana paka. Paka huyo anaanza kwa kukamata mifugo. Watu wanakuja kushtaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake, na kilicholiwa pia ni chake. Paka anaendelea, kila safari na mnyama mkubwa zaidi. Kisha anakula watoto wa watu, kisha watu wazima. Kila mara wanakuja kushtaki, na kila mara jibu ni lilelile. Mpaka siku paka anapowala wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani anaposema kwamba huyu si paka tena, ni Nunda.

Wahakiki wengi wangeona hapa kejeli juu ya utawala, nayo imo kweli. Lakini msikilizaji mwenye miaka mitano hasikii habari za utawala. Anasikia jambo analolijua nyumbani: mtu anakwenda kwa mkubwa kusema kwamba kuna kitu cha kutisha, na mkubwa anamjibu kwamba hakuna kitu. "Nyamaza." "Lala." "Mwanamume halii." Mzazi asemaye hivyo hana ubaya, anataka mtoto atulie, na pengine yeye mwenyewe amechoka. Hata hivyo muundo wa hadithi unaonyesha matokeo yake kwa uwazi usio na maelezo yoyote. Kila jibu la kukana linafuatwa na mlo mkubwa zaidi. Kitu kisichopewa jina lake kinaendelea kula, tena kinakula ndani ya nyumba, kwa kuwa ni paka wa nyumbani, si mnyama aliyetoka msituni.

Takriri hii ina faida nyingine. Mtoto anayesikiliza anajua mapema kuliko Sultani. Watu wakirudi mara ya tatu kushtaki, watoto barazani hucheka au hupiga kelele, kwa kuwa wameshatambua paka anaelekea wapi. Mtoto ambaye kila siku huambiwa na wakubwa kwamba hajui kitu anapata, kwa muda wa hadithi, nafasi ya yule ajuaye. Kicheko chake si utovu wa adabu; ni pumzi anayoishusha baada ya kuizuia kwa muda mrefu.

Wako walezi wanaoona kwamba hadithi za mazimwi na wala watu zinawatia watoto woga usiokuwako, na kwamba afadhali wasimuliwe habari za sungura mpole. Bruno Bettelheim aliijibu hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya hadithi za Ulaya: woga umeshakuwamo ndani ya mtoto kabla ya hadithi, nayo hadithi inampa tu mahali pa kuuweka na kuuangalia. Hoja hiyo inafaa pia kwa Nunda, kwa nyongeza moja ambayo haimo kwa Bettelheim. Katika hadithi ya Unguja mtoto haachwi peke yake na zimwi lake. Kuna mtu mbele yake anayejibu kwa wimbo.

3. Alama za Nunda

Anayekwenda kumtafuta Nunda ni mwana wa mwisho, yule anayejulikana kwa kukaa jikoni na ambaye baba yake hakumtegemea kwa lolote. Anaua mbwa, anamkokota mpaka nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemwua Nunda. Mama anatazama, anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini. Anakuja na ngawa, na punda milia, na twiga, na kifaru, na tembo. Kila mara anaimba, na kila mara mama anajibu kwamba siye bado.

Sehemu hii ndiyo kiini cha hadithi, nayo ndiyo inayorukwa upesi darasani kwa kuwa "inajirudia". Inastahili kuangaliwa kwa makini, hasa upande wa mama. Jibu lake lina mambo matatu. Kwanza, hajibu kabla ya kutazama. Kila mnyama anayeletwa anapata jicho lake. Pili, anakana kwamba huyu ni Nunda, lakini hakani kwamba mwanawe amepigana na kitu cha kweli. Tembo ni tembo, naye amelala pale mlangoni. Tatu, mama haufichi woga wake mwenyewe: anamsihi mwanawe aache, abaki nyumbani. Pamoja na hayo mlango wake haufungwi, na safari inayofuata bado yuko palepale kumpokea.

Linganisha jibu hilo na lile la Sultani. Sultani anasema hakuna kitu. Mama anasema: kipo, ila siyo hiki. Tofauti ni ndogo kwa maneno, lakini kwa mtoto ndiyo tofauti yote. Mtoto mdogo huleta hisia zake kama huyu kijana anavyoleta wanyama, yaani huleta kwanza kile alichoweza kukikamata. Aliyefiwa na bibi yake anasema tumbo linamuuma. Aliyezaliwa mdogo wake anavunja kikombe. Aliyesikia risasi usiku anakataa kula. Tumbo, kikombe na chakula si uongo, lakini si Nunda pia. Mlezi anayepuuza tumbo ni Sultani. Mlezi anayesema upesi "wewe una wivu" amemtaja Nunda kabla ya kumtazama mbwa. Mama wa hadithi anafundisha njia ya tatu: kutazama kilicholetwa, kukikubali, na kuacha nafasi ya safari nyingine.

Tena mama ametoa jambo moja ambalo bila yake safari zote zingekuwa bure: alama. Kijana anapomkuta mnyama amelala mlimani, hamtambui kwa ukubwa wala kwa hofu anayomtia. Anamtambua kwa kulinganisha na aliyoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Anazihesabu alama moja baada ya nyingine. Hapo kitu kilichokuwa kinatisha nchi nzima kinakuwa kitu chenye sehemu zinazoweza kutajwa. Kinatisha bado, ila sasa kinajulikana.

Wanasaikolojia wamelikaribia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walionyesha kwamba mtu mzima anapoitaja kwa neno hisia aliyoiona usoni mwa mtu katika picha, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu hupungua kazi. Uchunguzi huo haukuwa wa watoto wadogo, na haifai kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo unaelekea upande uleule ambao wasimulizi wa Unguja walikuwa wameshauelekea: kutaja si pambo la hisia, ni njia mojawapo ya kuituliza.

4. Paa, au huzuni isiyotafutiwa dawa

Ikiwa Nunda ni hadithi ya woga, basi habari ya paa katika Sultani Darai ni hadithi ya huzuni. Maskini mmoja anayechakura jaani ananunua paa kwa fedha aliyoiokota. Paa, kwa akili yake, anamtajirisha, anamtafutia mke binti Sultani na nyumba kubwa. Kisha paa anaugua. Anampeleka bibi mzee kwa bwana wake kumwambia kwamba hajiwezi. Bwana hataki hata kumtazama. Anaagiza apewe uji wa mtama. Mke wa bwana anamhurumia na kumpelekea vitu vizuri, lakini haikuwa huruma ya mkewe iliyohitajiwa. Paa anafariki. Watu wanalia, bwana anaagiza atupwe. Mwishoni bwana anajikuta tena jaani, anachakura kama zamani.

Darasani funzo la hadithi hii hupatikana haraka: usisahau fadhila. Ni kweli, lakini funzo hilo linamtazama bwana, na mtoto hamtazami bwana. Mtoto yuko kitandani pamoja na paa. Anaijua hali ya kungoja mtu mmoja tu aje, na asije. Hadithi haimharakishi. Bibi mzee anakwenda na kurudi, anakwenda tena na kurudi, na kila safari maumivu ya paa yanasemwa upya. Hakuna mganga anayetokea ghafla, hakuna paa anayefufuka.

Mwisho kama huu unawasumbua walezi wa siku hizi, ambao hupenda kila hadithi ya watoto imalizike kwa furaha. Wengine huubadilisha: paa anapona, bwana anaomba radhi. Badiliko hilo hutolewa kwa upendo, lakini linamnyang'anya mtoto kitu. Mtoto aliyefiwa anajua kwamba wako wasiorudi. Akisimuliwa kwamba kila paa hupona, atafahamu kwamba huzuni yake haina nafasi katika hadithi, na pengine haina nafasi nyumbani pia. Katika hadithi ya asili, kinyume chake, huzuni inapewa heshima yake: watu wanalia kwa sauti, na baba wa binti anapofika analia pia, yeye Sultani, kisha anaamuru paa atolewe alipotupwa na kuzikwa. Mtoto anasikia kwamba hata sultani hulia, na kwamba baada ya kilio kuna jambo la kufanya kwa ajili ya aliyekufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hadithi inalisema jambo hilohilo juu ya majonzi, bila kulisema.

5. Lugha ya mtoto na lugha ya darasa

Hapa inafaa kugusa jambo linalowahusu moja kwa moja waalimu wa Kiswahili nchini Kongo. Kiswahili bora kina hazina kubwa ya maneno ya hisia: woga na hofu, hasira na ghadhabu, huzuni, majonzi na simanzi, wivu na kijicho, haya na aibu. Mtoto wa Lubumbashi au wa Bukavu anafika shuleni na hazina nyingine. Ana neno kasirani pale ambapo kitabu kina hasira. Hutaja roho pale ambapo kitabu hutaja moyo. Husema "niko na woga" pale ambapo kitabu husema "naogopa".

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Sheria hiyo ni hatua njema, lakini haimwambii mwalimu afanye nini saa ambayo mtoto anasimama na kusema "niko na kasirani". Mwalimu mwenye bidii husahihisha: "Sema nina hasira." Sarufi imepona, na mazungumzo yamekufa. Mtoto ameleta mnyama wake mpaka mlangoni, naye amejibiwa juu ya kamba aliyomfungia.

Hii haina maana kwamba Kiswahili bora kisifundishwe. Utajiri wake wa maneno ni alama za Nunda: mtoto akipata kutofautisha woga na haya, au wivu na huzuni, amepata macho. Watafiti wa malezi wameonyesha kwamba kabla ya umri wa miaka 7 hivi watoto wengi hawawezi bado kueleza kwamba mtu huweza kuwa na hisia mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Kumpenda mdogo wake na kumchukia, kwa mfano. Maneno huisaidia safari hiyo. Lakini neno jipya lapasa kuletwa baada ya la mtoto kupokelewa, si mahali pake. "Una kasirani, nimesikia. Je, ni kasirani tu, au kuna na huzuni ndani yake?" Mwalimu anayesema hivyo amefundisha msamiati, na amejibu pia.

6. Mipaka ya hadithi

Hata hivyo uhakiki hauwezi kunyamazia upande mmoja wa hadithi ya Nunda unaoleta taabu, hasa katika nchi hii. Mwana wa mwisho anashinda kwa silaha. Anaondoka nyumbani akiwa ndiye mdogo asiyehesabiwa, anarudi akiwa ameua, na watu wanamshangilia. Nchini Kongo neno kadogo limebeba kumbukumbu nzito tangu vita vya mwaka 1996 na 1997, wakati watoto walipochukuliwa kuwa askari na kuitwa kwa jina hilo. Mtoto wa Ituri au wa Kivu anaposikia habari ya mdogo aliyepata heshima kwa kuua, hasikii sawa na mtoto wa Unguja wa mwaka 1870.

Je, hadithi iachwe? Kuiacha kungekuwa kujibu kama Sultani. Ila msimulizi ana uhuru ambao fasihi simulizi imempa siku zote: uhuru wa kuchagua mahali pa kukaa zaidi. Anayekaa juu ya uwindaji, akihesabu mishale na damu, atakuwa amesimulia habari ya silaha. Anayekaa juu ya wimbo, akiwaachia watoto waitikie sehemu ya mama, atakuwa amesimulia habari ya kuulizana na kujibizana. Maneno ya hadithi ni yaleyale, hadithi si ileile. Na jambo hilo halionekani katika kitabu. Linaonekana tu katika utendaji, mbele ya hadhira.

Mpaka mwingine wapasa kutajwa bila kuficha. Mtoto aliyeona mauaji kwa macho yake, asiyelala usiku kwa majuma mengi, aliyeacha kusema au kucheza, anahitaji msaada wa watu waliosomea kazi hiyo. Hadithi haiwezi kuchukua nafasi yao. Inaweza kumshika mkono mpaka wafike, na inaweza kubaki naye wakiisha kuondoka.

7. Hitimisho

Uchunguzi wa hadithi hizi mbili unaonyesha kwamba uwezo wa ngano juu ya hisia za mtoto hauko katika amri inayotolewa mwishoni. Uko katika takriri inayompa mtoto muda, katika alama zinazomwezesha kutambua, katika kilio kisichokatizwa, na zaidi ya yote katika sauti inayojibu. Kwa hiyo swali la darasani lingefaa kubadilishwa. Badala ya kuuliza hadithi inafundisha nini, mwalimu wa darasa la kwanza angeweza kuuliza: Ni nani aliyesikia, na ni nani aliyekataa kusikia? Paa alipokuwa anangoja, alikuwa na nini rohoni? Kama ungekuwa wewe unarudi na mnyama wako, ungemwimbia nani?

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi wanaokwenda kukusanya ngano vijijini na mijini, kuna kazi iliyo wazi. Kwa kawaida hunakili maneno ya msimulizi na kuyaacha ya watoto waliokaa mbele yake: walipocheka, walipomsogelea mama yao, walipomkatiza msimulizi kuuliza kama mnyama amekufa kweli. Mikusanyo ya zamani kama ule wa mwaka 1870 imetuachia sauti ya mama na ya mwanawe, lakini haikuacha sauti za watoto waliokuwa wakisikiliza. Watoto wa leo wapo barazani, wanasikiliza na kuitikia, na maneno yao yanaweza bado kuandikwa.